Kipande cha kiwanda cha vioo: dogo wa miaka 12 kwenye hesabu za Wanazi

Mtaani ukisema geto kila mtu anaelewa chumba cha msela, godoro chini, jiko la gesi kona, basi. Ila neno lenyewe limetoka mbali, lilianzia Venice mwaka 1516 Wayahudi walipoamriwa wakae wote sehemu moja ya mji na usiku mageti yafungwe, halafu miaka mia nne na ushee baadae Wanazi wakalifufua. Na geto la kwanza walilotangaza Poland halikuwa la Warsaw kama wengi tunavyodhani, lilikuwa kwenye mji wa kawaida tu unaitwa Piotrków Trybunalski, Oktoba 1939, vita ya pili ya dunia ina wiki tano tu tangu ianze.

Mji huo ndo alikokuwa anaishi Ben Helfgott, kipindi hicho ana miaka 9 anakaribia 10, ana wadogo zake wawili wa kike, Mala na Lusia, baba yao anaendesha biashara ya kusaga unga. Nimemchukua yeye kwa sababu kuna swali linasumbua watu wengi wakianza kusoma habari za mauaji ya Wayahudi, na maisha ya huyu dogo yanalijibu vizuri kuliko nadharia. Swali ni hili: kama Wanazi walitaka kuwamaliza Wayahudi wote, mbona wengine waliwapeleka viwandani? Na kama walikuwa na shida ya wafanyakazi, mbona waliwaua watu wenye nguvu zao, mafundi, vijana, tena katikati ya vita ambayo inahitaji kila mkono? Vitu viwili havikai pamoja, ila ndo hivyo vilikaa.

Kwanza geto lenyewe. La Piotrków mwanzoni halikuzungushiwa ukuta, waliweka mabango tu ya fuvu la kichwa kwenye mipaka na hiyo ilitosha. Wayahudi wa mji walikuwa kama 15,000 kabla ya vita, wakaongezwa wa miji ya jirani mpaka wakakaribia 25,000 kwenye mitaa michache, familia mbili tatu chumba kimoja, maradhi ndo usiseme. Mgawo wa chakula ulikuwa wa kufia nao, kwa hiyo aliyeishi aliishi kwa magendo. Baba yake Ben aliingiza unga kwa magendo, na Ben mwenyewe alikuwa na nywele za kung'aa na Kipolandi chake kimenyooka, anavua ile kitambaa nyeupe yenye nyota ya buluu waliyolazimishwa kuvaa mkononi, anatoka. Usichukulie kwamba ulikuwa utundu wa kitoto. Kuanzia Oktoba 1941 ilitangazwa rasmi kwamba Myahudi akikutwa nje ya geto bila ruhusa anauawa, na anaemficha nae hivyo hivyo.

Sasa tuje kwenye mkanganyiko wenyewe. Tarehe 19 Julai 1942 Himmler, mkuu wa SS, lile jeshi la chama cha Wanazi lililosimamia kambi, alitoa amri kwamba Wayahudi wote wa ile sehemu ya Poland waliyokuwa wanaitawala kama koloni wawe "wamehamishwa" ifikapo 31 Desemba mwaka huohuo, wabaki wachache tu kwenye kambi maalumu. Hilo neno kuhamishwa ndo lililobeba uongo wote, watu waliambiwa wanapelekwa mashariki kufanya kazi, wachukue mzigo kidogo na chakula cha njiani. Wengi wa pale Poland ya kati, Piotrków ikiwemo, walikuwa wanapelekwa Treblinka. Na hapa watu huchanganya kwa sababu Treblinka zilikuwa mbili, moja ilikuwa kambi ya kazi kwenye machimbo ya kokoto, nyingine ya pili ilifunguliwa Julai 1942 na hiyo haikuwa na kazi yoyote, haikuwa hata na mabweni ya watu wanaoletwa, treni inafika asubuhi na mpaka jioni waliokuwemo karibu wote wameshakufa kwa gesi, wanabakizwa wachache wa kupanga nguo na kubeba maiti. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "kambi" muulize ipi, maana kambi ya kazi, kambi ya mateso na kambi ya mauaji ni vitu tofauti hata kama mwisho wake mara nyingi ulifanana.

Amri ya Himmler ilileta ugomvi ndani ya Wajerumani wenyewe. Jeshi lilikuwa na viwanda Poland vinavyoshona gwanda, vinavyotengeneza risasi, na mafundi wengi mle ni Wayahudi. Septemba 1942 jenerali mmoja wa jeshi pale, von Gienanth, akaandika barua kulalamika kwamba ukiwaondoa hawa ghafla uzalishaji unaanguka, tupeni muda tuwafundishe Wapolandi. Usimuonee huruma wala usimsifie, hakuwa anatetea uhai wa mtu, alikuwa anatetea oda za jeshi. Hata hivyo akaondolewa kwenye cheo. Na tarehe 9 Oktoba Himmler akajibu, kwamba wale wa viwanda vya silaha kweli wakusanywe kwenye kambi chache chini ya SS, ila hata huko nako, siku moja Wayahudi lazima watoweke kama Führer, yaani Hitler, anavyotaka.

Ukishaielewa hiyo barua mengine yote yanaeleweka. Kazi haikuwa msamaha, ilikuwa mkopo wa muda, na anaedai ndo anaeamua lini anakuja kuchukua chake.

Barua ni ya tarehe 9. Piotrków msako ulianza usiku wa kuamkia tarehe 14, siku tano baadae.

Miezi michache kabla, minong'ono ilishaanza kufika kwamba miji mingine imeshafagiliwa na kwamba wenye kipande cha kazi, yaani karatasi ya kibali, kwenye kiwanda muhimu wanaachwa. Basi geto zima likawa linatafuta kipande. Watu waliuza pete za ndoa, waliuza makoti, walibembeleza. Viwanda vilivyotajwa sana vilikuwa viwili vya vioo, Hortensja na Kara, na kimoja cha mbao eneo la Bugaj. Baba yake Ben akahangaika mpaka mwanae akaingia Hortensja, na hapo Ben ana miaka 12, hajafika hata 13.

Kama hujawahi kuona kiwanda cha vioo cha kizamani, ni hivi. Katikati kuna tanuru linawaka usiku na mchana kwa sababu likizima ni hasara kubwa, ndani yake mchanga umeyeyuka umekuwa kama uji mzito wa rangi ya chungwa. Mpulizaji anachovya bomba refu la chuma, anachota donge, anapuliza huku anazungusha, linakuwa chupa au glasi. Ila kioo kikishatoka hapo huwezi kukiacha kipoe chenyewe, kitapasuka, inabidi kikimbizwe kwenye tanuri jingine la joto la chini kipoe taratibu, na hiyo kazi ya kukimbiza, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi zamu nzima, dunia nzima ilikuwa kazi ya watoto tangu zamani. Vioo vilivyovunjika chini, joto la moto usoni, na nyapara nyuma yako. Sasa ongezea kwamba tumboni hamna kitu na ukianguka ukaonekana huwezi, kipande chako kinapewa mwingine.

Harry Spiro nae alikuwa mtoto wa mji huohuo, umri wake na wa Ben ni mmoja, na yeye pia alikuwa Hortensja. Ameeleza mara nyingi kwamba lilipotoka tangazo wafanyakazi wa kiwanda wakusanyike uwanjani, yeye hakutaka kwenda, alitaka abaki na mama yake na wengine nyumbani. Mama akamsukuma nje, akamwambia huenda walau mmoja wetu atapona. Mama, baba na mdogo wake hakuwaona tena. Mimi hiyo picha ya mama anamsukuma mwanae mlangoni hainitoki, kwa sababu ukifikiria vizuri yule mama alikuwa amepiga hesabu zilezile za Himmler ila kwa upande wa pili.

Kuanzia tarehe 14 mpaka 21 Oktoba walisafirishwa zaidi ya watu 20,000 kutoka mji mmoja, kwa wiki moja, kwenye mabehewa ya mizigo. Walioachwa rasmi ni kama 2,000 wenye vipande, wakabanwa kwenye vijimtaa vilivyoitwa geto dogo. Pamoja nao wakawa wanarudi kimyakimya wale waliokuwa wamejificha, kwenye dari, kwenye mashimo, kwa Wapolandi waliokubali kuwahifadhi kwa malipo au kwa moyo. Mala alikuwa amepelekwa mji wa Częstochowa na binamu yake mmoja kukaa kwa familia ya Kikristo kwa jina la uongo. Mala akarudi, binamu hakuonekana tena. Mama na Lusia nao walikuwa wamejificha wakarudi. Hao wote kwa karatasi walikuwa haramu, hawapo, maana orodha inasema Piotrków wamebaki wenye vipande tu.

Desemba Wajerumani wakaanza kuwasaka hao wasio na vipande na kuwafungia kwenye sinagogi kuu, nyumba ya ibada ya Wayahudi. Mama yake Ben akakamatwa na Lusia, mtoto wa miaka 8. Baba akaenda kuhangaikia kibali, akafanikiwa kupata cha mkewe peke yake. Cha mtoto hakikupatikana, mtoto wa miaka 8 utasema anafanya kazi gani. Mama akakataa kutoka. Tarehe 20 Desemba 1942 waliokuwa mle ndani, zaidi ya watu 500, walipelekwa msitu wa Raków nje kidogo ya mji wakapigwa risasi, na mashimo yalikuwa yameshachimbwa tayari kabla hawajafika.

Niliposoma mara ya kwanza nilidhani kibali cha kazi kilikuwa kinamlinda mtu na familia yake, kama bima vile. Hapana, kililinda jina lililoandikwa, siku iliyoandikwa, mpaka watakapobadili mawazo. Na mara nyingine kilichookoa hakikuwa karatasi kabisa. Msako mwingine Mala alishawekwa kwenye mstari na mtoto mdogo, binti wa ndugu zao anaitwa Ann, wanasubiri kupakiwa kwenye lori. Mala, kabinti ka miaka kumi na mbili hivi, akatoka kwenye mstari akamfuata ofisa wa Kijerumani akamwambia ametenganishwa na baba na kaka yake anaomba arudi kwao. Yule ofisa akatabasamu, akamwambia askari amrudishe. Mala akasema kuna na huyu mdogo siwezi kumuacha, wakarudishwa wote wawili. Kwa nini alikubali? Hamna sababu ya kuitafuta, siku nyingine mtu huyohuyo angefyatua risasi. Waliopona wengi ukiwauliza siri yao nini wanajibu bahati, na watu huwa hawapendi hilo jibu, wanataka kusikia habari za ujasiri na akili.

Mwaka 1943 geto dogo nalo likafungwa, waliobaki wakalala kambi za viwandani kabisa. Ben, baba yake na Mala wakawa Bugaj kwenye mbao. Mala kazi ya kiwandani alianza na miaka yake 12.

Mwishoni mwa Novemba 1944 Jeshi Jekundu la Usovieti linasogea, Wajerumani wakafunga viwanda vya Piotrków na kusomba watu waliobaki kuwapeleka Ujerumani. Wanawake treni moja, wanaume nyingine. Mala na yule mdogo Ann wakaenda kambi ya Ravensbrück na baadae ya Bergen-Belsen. Ben na baba yake wakaenda kambi ya Buchenwald, Ben ndo kwanza katimiza 15.

Na hapa kuna kitu cha ajabu ambacho watu wengi hawakioni. Wanazi walikuwa wameshajisifu kwamba Ujerumani imesafishwa, haina Wayahudi. Ila kufikia 1944 wanaume wao wako vitani au wamekufa, vibarua wa kulazimishwa kutoka Usovieti na Poland hawatoshi tena kwa sababu maeneo yenyewe yameshapotea, ndege za Marekani na Uingereza zinapiga viwanda kila siku. Wakawarudisha Wayahudi ndani ya Ujerumani kwa maelfu, tena kwa treni zilezile. Kambi kubwa kama Buchenwald zikazaa vikambi vidogo kila penye kiwanda kinachohitaji watu.

Ben akatenganishwa na baba yake akapelekwa kikambi kimoja kinaitwa Schlieben. Mwenye kiwanda pale alikuwa HASAG, kampuni ya Leipzig ambayo kabla ya hapo ilijulikana kwa taa, taa za mafuta na karabai, vitu vya sebuleni. Vita ikaigeuza kuwa moja ya kampuni zilizotumia Wayahudi wengi zaidi kwenye silaha. Kwenye kiwanda chake cha Skarżysko kule Poland kulikuwa na idara watu wanafanya kazi na unga wa sumu wa kujazia mabomu, ngozi na nywele zinageuka njano, wanajulikana kwa mbali, na baada ya miezi michache wanakufa wanaletwa wengine. Schlieben walitengeneza Panzerfaust, lile kombora la kubeba mkononi la kupigia vifaru, ambalo lilikuwa linatolewa kwa wazee na vijana wadogo wa Kijerumani siku za mwisho za vita. Fikiria mnyororo huo, kijana wa Kiyahudi mwenye njaa anajaza silaha itakayoshikwa na kijana wa Kijerumani wa umri wake.

Malipo je? Yalikuwepo, ila mfanyakazi hakuyaona. Poland kuanzia mwishoni mwa 1942 viwanda vya silaha vilitakiwa kuilipa SS złoty, hela ya Poland, 5 kwa siku kwa mwanaume na 4 kwa mwanamke, wakikata gharama za chakula. SS ilikuwa inakodisha watu kama mtu anavyokodisha mkokoteni. Na mkokoteni una afadhali maana ukivunjika mwenyewe anaumia, hapa akifa mmoja SS inaleta mwingine na kampuni haipotezi kitu. Ndo maana wengine waliopitia wanakataa hata neno mtumwa, wanasema mtumwa alinunuliwa kwa hela, bwana wake alikuwa na sababu ya kumlisha.

Aprili 1945 kila kitu kinaanguka, wafungwa wanasukumwa huku na kule kwa miguu na kwa treni wasikombolewe. Harry Spiro alikuwa kwenye msafara mmoja ulioanza na watu kama 3,000, wakafika 270. Ben akafikishwa kambi ya Theresienstadt, nchi ya Cheki, na huko ndo Jeshi Jekundu lilimkuta tarehe 8 Mei. Akawa anasubiri habari za baba. Habari zikaja: baba yake alipigwa risasi kwenye msafara kama huohuo akijaribu kutoroka, siku chache kabla ya vita kuisha.

Akarudi Poland na binamu yake kutafuta nani kabaki, na njiani wakakamatwa na Wapolandi wawili waliovaa sare, wakawapeleka sehemu ya giza, bastola zikatoka. Vijana wakabembeleza kwa Kipolandi mpaka mmoja akasema waache hawa, ni watoto tu. Ben aliigeuzia Poland mgongo hapohapo, ingawa miaka ya baadae alikuwa anarudi sana na hakupenda mtu awaseme vibaya Wapolandi wote mbele yake, jambo ambalo naliheshimu.

Uingereza ilikuwa imekubali kupokea yatima 1,000 wa umri chini ya miaka 16. Waliopatikana walikuwa 732. Elfu moja tu, kwa bara zima, na nafasi hazikujaa. Wengine mle walipunguza miaka yao ili waingie, watu haohao ambao miaka mitatu kabla waliongeza miaka ili waonekane wanafaa kazi. Agosti 1945 kundi la kwanza la 300 likapakiwa kwenye ndege za kivita kutoka Prague, likapelekwa Windermere, kaskazini mwa Uingereza, na Ben alikuwemo. Mala aliyekuwa amepona Bergen-Belsen na kupelekwa Sweden alimfuata mwaka 1947. Kwenye ile familia walibaki hao wawili.

Mambo ya baadae nayapita haraka kwa sababu yanajulikana. London siku moja akakuta watu wananyanyua vyuma uwanjani, akaomba ajaribu, wakamcheka, akanyanyua. Akawa nahodha wa timu ya Uingereza ya kunyanyua vyuma kwenye Olimpiki ya Melbourne 1956, ambayo ndo Olimpiki ya kwanza ya Kenya, na Roma 1960. Kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola, Cardiff 1958, akapata shaba, mashindano yaleyale ambayo kina Arere Anentia na Bartonjo Rotich walirudi Kenya na shaba zao. Akafariki mwaka 2023.

Fidia ya kazi ilikuja kuchelewa mno. Mwaka 2000 serikali ya Ujerumani na makampuni walichanga mfuko wa mark (hela ya Ujerumani ya wakati huo) bilioni 10, na waliokuwa wafungwa wa kambi waliweza kupata mpaka mark 15,000, mara moja tu. Mpaka 2007 walikuwa wamelipwa watu zaidi ya milioni 1.6. Ila ilibidi uwe umefika Februari 1999 ukiwa hai, na ilibidi uonyeshe kwamba kweli ulikuwa kule, yaani baada ya miaka 55 wazee wale wakaanza tena kutafuta karatasi inayosema walifanya kazi.

Sinagogi kuu la Piotrków bado lipo, siku hizi ni maktaba ya mji. Jengo dogo la pembeni yake nalo ni sehemu ya maktaba hiyo, na ndani kuna ukuta wenye mchoro wa zamani wa kabati la kutunzia Torati. Mchoro umetobolewa na risasi, matundu hawakuyaziba, na hapohapo ndo kuna mashelfu ya vitabu vya watoto.